Kinanda kilichovaa mkanda: historia ya ala iliyotaka kuonekana jukwaani

Farsta ni kitongoji kilichoko kusini mwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, umbali wa kilomita 10 hivi kutoka katikati ya jiji. Kituo chake kikubwa cha maduka kilifunguliwa mwaka 1960, wakati ambapo wapangaji wa miji wa Uswidi walikuwa wakijenga vitongoji vipya kwa fikra moja: mwananchi apate kazi, makazi na huduma zote mahala pamoja. Kwa miaka mingi makao makuu ya shirika la simu la nchi hiyo, Televerket, yalikuwa hapo hapo Farsta.

Watoto waliokulia katika vitongoji vya aina hiyo walifikia umri wa ujana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakakuta vita. Havikuwa vita vya bunduki. Vilikuwa vita vya muziki.

Upande mmoja walikuwapo waliojiita "synthare", wapenzi wa muziki wa vinanda vya elektroniki, wenye nywele zilizonyolewa kwa ustadi na mavazi meusi. Upande wa pili walikuwapo "hårdrockare", wapenzi wa roki nzito, wenye nywele ndefu, makoti ya jinzi na imani moja kubwa: kwamba muziki wa kweli hupigwa kwa gitaa. Kote nchini Uswidi, mashuleni na katika vituo vya treni, kijana alitazamiwa kuchagua upande. Ugomvi huo mara nyingi uliishia kwenye maneno, lakini zipo nyakati ulipofika kwenye ngumi.

Katikati ya mpaka huo ilisimama ala moja ya ajabu. Ilikuwa kinanda, lakini ilivaliwa begani kwa mkanda kama gitaa. Wajapani, walioitengeneza kwa wingi, waliiita kinanda cha begani. Wazungumzaji wa Kiingereza waliunganisha maneno mawili, la kinanda na la gitaa, wakapata "keytar".

Wengi waliicheka na wengine bado wanaicheka. Lakini historia yake inagusa swali zito, ambalo wanamuziki wa Stockholm, Kampala na Zanzibar wote wamelazimika kulijibu: sauti inapotoka kwenye mashine, hadhira itajuaje kwamba ni binadamu anayeipiga?

Kabla ya umeme

Wazo la kuvaa kinanda ni la kale kuliko umeme. Mwaka 1795, mjini Vienna, Carl Leopold Röllig alitangaza ala aliyoiita orphica. Ilikuwa piano ndogo yenye nyuzi, nyepesi kiasi cha kuning'inizwa shingoni kwa mkanda na kupigwa huku mtu amesimama au anatembea bustanini. Hata Beethoven aliandika vipande viwili vifupi kwa ajili ya ala hiyo.

Orphica haikudumu. Sauti yake ilikuwa dhaifu mno kwa ukumbi mkubwa. Kilichoenea duniani katika karne ya 19 ni chombo kingine chenye vibonyezo na mikanda, yaani kodiani.

Afrika Mashariki inaifahamu vyema kodiani. Katika nyanda za juu za Kenya, tangu miaka ya 1940, kodiani na kipande cha chuma cha kugonga vilikuwa roho ya ngoma ya mwomboko miongoni mwa Wakikuyu. Visiwani Zanzibar, kodiani iliketi pamoja na udi, kanuni na fidla katika vikundi vikubwa vya taarab. Mpiga kodiani hufungua na kufunga mapafu ya ala yake mbele ya macho ya watu. Msikilizaji huiona pumzi ya wimbo kabla ya kuisikia.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina ushahidi wake katika jambo hili. Kamusi za karne ya 19 zilieleza kinanda kuwa chombo cha nyuzi, na katika mwambao wa kaskazini, hasa Lamu, kinanda kilikuwa jina la muziki ulioongozwa na ala ya nyuzi za kudonoa. Baadaye ndipo neno hilo lilipohamia kwenye ala za vibonyezo. Kwa hiyo mpaka uliowagombanisha vijana wa Uswidi, kati ya nyuzi na vibonyezo, katika Kiswahili ulikuwa umevukwa zamani na neno moja.

Mashine zisizobebeka

Umeme ulipoingia katika muziki, kinanda kilipata nguvu lakini kikapoteza miguu. Mjini Stockholm mwaka 1964 ilianzishwa studio ya muziki wa elektroniki iliyojulikana kwa kifupi kama EMS, ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa studio mashuhuri za aina hiyo barani Ulaya. Mitambo yake ilijaza chumba. Mtunzi aliingia ndani ya ala yake kama fundi anavyoingia ndani ya kiwanda, na kazi yake ilitoka nje ikiwa imeshafungwa kwenye utepe. Hadhira ilisikiliza spika, haikumwona mtu.

Hata sinthesaiza za wanamuziki wa kawaida zilikuwa mzigo. Benny Andersson wa kundi la ABBA alitumia katika rekodi zake sinthesaiza ya Yamaha iliyoitwa GX-1, yenye uzito wa takriban kilo 300. Ala kama hiyo huwezi kucheza nayo. Unaiketia kama unavyoketia meza ya ofisi.

Hapo ndipo tatizo la jukwaani lilipoanza. Katika bendi ya roki mpiga gitaa husogea mbele, hupiga magoti, humkabili mwimbaji, huwatazama watazamaji usoni. Mpiga kinanda hubaki nyuma ya meza yake. Mikono yake, ambayo ndiyo inayofanya kazi, imefichwa na mbao na chuma. Anaweza kuwa ndiye anayebeba nusu ya wimbo mzima, lakini aliye kwenye kiti cha nyuma ya ukumbi hawezi kulijua hilo.

Wa kwanza kuchoshwa na hali hiyo walikuwa Wamarekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Edgar Winter alifunga mkanda kwenye kibao cha sinthesaiza yake, akakining'iniza shingoni na kutembea nacho jukwaani, huku waya mrefu ukikiunganisha na mashine iliyobaki nyuma.

Mwingine alikuwa Jan Hammer, mzaliwa wa Prague aliyehamia Marekani. Hammer alikuwa amepiga katika kundi la Mahavishnu Orchestra, ambako kila usiku alijibizana na gitaa la John McLaughlin. Baadaye alifanya ziara na mpiga gitaa Mwingereza Jeff Beck, na rekodi ya maonyesho yao ikatoka mwaka 1977. Kwa Hammer, kuvaa kinanda halikuwa pambo. Alikuwa amejifunza kuipinda sauti ya sinthesaiza kama mpiga gitaa anavyouvuta uzi, na sasa alitaka asimame bega kwa bega na yule anayeshindana naye.

Kiwanda na lugha ya mashine

Mwaka 1980 kampuni ya Moog ya Marekani ilitoa Liberation, jina lenye maana ya ukombozi. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 6, na kundi la Devo liliitumia jukwaani. Ukombozi huo ulikuwa na maumivu yake, kwani baada ya saa nzima bega lilijua lilichobeba.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1983. Katika maonyesho ya ala za muziki nchini Marekani, mwezi Januari mwaka huo, sinthesaiza mbili za makampuni yaliyokuwa yakishindana, moja la Marekani na jingine la Japani, ziliunganishwa kwa waya na zikaelewana. Ulikuwa mfumo ulioitwa MIDI, uliosukumwa mbele na Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi. Miaka 30 baadaye, yaani mwaka 2013, wawili hao walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

MIDI haisafirishi sauti. Husafirisha habari tu: kibonyezo kipi kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na kimeachiwa lini. Habari hizo hupita katika waya kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, kama telegramu isiyokoma. Wakazi wa kitongoji chenye makao makuu ya shirika la simu wangelielewa wazo hilo bila shida: anayezungumza yuko hapa, sauti inasikika kule.

Kwa mpiga kinanda matokeo yake yalikuwa makubwa. Mashine nzito inayotoa sauti sasa ingeweza kubaki pembeni ya jukwaa au hata nyuma ya pazia. Alichohitaji kubeba ni vibonyezo tu. Yamaha ilitoa KX5 mwaka 1984, ikiwa na vibonyezo 37. Mwaka huo huo Korg ilitoa RK-100, na mwaka 1985 Roland ikafuata na Axis. Herbie Hancock na Chick Corea, vigogo wawili wa piano ya jazi, walivaa vinanda hivyo mbele ya hadhira zao. Mwaka 1987 Yamaha ilitoa SHS-10, ndogo, yenye vibonyezo vyembamba na spika yake yenyewe, ambayo hata kijana wa shule aliweza kuiota.

Mkono mmoja unapotolewa sadaka

Kukipiga chombo hiki si sawa na kupiga piano huku umesimama. Mkono wa kulia ndio unaobaki kwenye vibonyezo. Mkono wa kushoto unakwenda kwenye shingo ya ala, pale ambapo kwenye gitaa zingekuwapo nyuzi. Lakini hakuna nyuzi. Kuna gurudumu au utepe wa kuguswa, na vitufe vichache.

Kwa kidole gumba cha kushoto mpigaji huipandisha sauti kidogo na kuishusha, huitetemesha, huiacha iendelee kulia baada ya mkono wa kulia kuondoka, au huirusha oktava nzima juu. Mkono wa kulia unasema neno, na wa kushoto unalitia lahaja.

Gharama yake iko wazi. Piano ina vibonyezo 88 na mikono miwili. Hapa kuna oktava 3 hivi na mkono mmoja. Besi inabidi aachiwe mpiga besi. Mafungu makubwa ya sauti zinazolia pamoja yanapungua. Isitoshe, vibonyezo vimesimama wima badala ya kulala, kifundo cha mkono kinapinda, na mpigaji hawezi kuviona vizuri bila kuinamisha kichwa. Mazoea ya miaka mingi ya kupitisha kidole gumba chini ya vidole vingine yanakuwa magumu.

Kwa sababu hiyo waliofanikiwa na ala hii hawakujaribu kuigeuza piano. Walijifunza kupumua. Mpiga gitaa hupiga sentensi ya muziki, akanyamaza, akapiga nyingine. Mpiga kinanda aliyezoea kujaza kila nafasi kwa vidole 10 alilazimika kujifunza kunyamaza huko. Ni hapo ambapo ala iliyodhaniwa kuwa ya maonyesho ilibadilisha muziki wenyewe.

Kulikuwa pia na hatari ya kawaida kabisa, nayo ni waya. Kabla ya vyombo vya kurusha mawimbi kuwa vya kutegemewa, mpigaji aliyejiona huru alikuwa bado amefungwa kamba. Uhuru wake ulikuwa na urefu wa mita chache, na mwenzake angeweza kuukanyaga.

Vita vya vitongoji

Uswidi ilikuwa ardhi yenye rutuba kwa ala za aina hii. Shule za muziki zinazoendeshwa na halmashauri ziliwawezesha watoto wa wafanyakazi kujifunza ala kwa ada ndogo. Jumuiya za elimu ya watu wazima, kubwa zaidi ikiwa ABF iliyoanzishwa na vuguvugu la wafanyakazi mwaka 1912, zilisaidia bendi changa kupata vyumba vya kufanyia mazoezi. Vijana wanne wenye magitaa waliweza kuandikishwa kama kikundi cha masomo.

Mwaka 1984, katika ghala la zamani la baridi kusini mwa Stockholm, kilifunguliwa kituo cha vijana cha Fryshuset, kikiwa na uwanja wa mpira wa kikapu na vyumba vya bendi. Katika majengo kama hayo waliopenda vinanda na waliopenda magitaa walitenganishwa na ukuta tu.

Ushahidi mkubwa kwamba mgogoro huo haukuwa mchezo wa watoto ulitoka kwenye bendi ya Europe, kutoka Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm. Mwimbaji wake, Joey Tempest, alikuwa ametunga mlio mfupi wa kinanda mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye sinthesaiza ya Korg aliyoazimwa na Mic Michaeli, ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga kinanda wa bendi hiyo. Kwa muda mrefu mlio huo ulikaa bila kutumika. Mwaka 1986 ukawa ufunguzi wa wimbo The Final Countdown, na wimbo huo ukashika nafasi ya kwanza katika nchi 25.

Hiyo ilikuwa bendi ya roki nzito. Mashabiki wake walikuwa watu wa gitaa. Lakini kile ambacho dunia nzima ilikipigia mluzi hakikutoka kwenye gitaa.

Mpiga gitaa wa bendi hiyo, John Norum, hakupendezwa. Alilalamika kwamba vinanda vimelifunika gitaa, na kabla mwaka 1986 haujaisha aliihama bendi, wakati ikiwa kwenye kilele cha mafanikio. Ni nadra mtu kuacha umaarufu wa kiwango hicho kwa sababu ya ala. Ilichukua miaka mingi kabla ya yeye na wenzake kurudi pamoja.

Katika mazingira hayo kinanda cha begani kingeweza kuonekana kama mjumbe wa amani. Kilikuwa na umbo la upande mmoja na sauti ya upande wa pili. Lakini mjumbe anayevaa sare za majeshi mawili hupigwa mawe na yote mawili. Wapenzi wa roki waliona gitaa la bandia. Wapenzi wa sinthesaiza, waliojivunia ubaridi na utulivu wa mashine zao, waliona mtu anayetamani kuwa mpiga gitaa.

Televisheni iliongeza chumvi kwenye kidonda. Katika vipindi vingi vya muziki vya miaka ya 1980, bendi zilijifanya zinapiga huku wimbo uliorekodiwa ukichezwa. Mpiga kinanda cha begani alionekana akirukaruka na ala isiyo na waya wowote, wakati ambapo kila kijana alijua kwamba bila waya hakuna sauti. Ala iliyobuniwa ili kuthibitisha kwamba mtu anapiga ikageuka kuwa alama ya mtu asiyepiga.

Sauti ya Afrika Mashariki ndani ya Stockholm

Miaka hiyo hiyo Stockholm ilikuwa pia makazi ya wanamuziki kutoka Afrika Mashariki. Aliyejulikana zaidi ni Philly Bongoley Lutaaya kutoka Uganda, aliyepitia Kongo na Kenya kabla ya kuhamia Uswidi katika miaka ya 1980. Huko ndiko alikorekodi albamu ya Born in Africa, ambayo iliwateka wasikilizaji wa Uganda. Mwaka 1989 alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya ukimwi, akiwa Mganda wa kwanza mashuhuri kufanya hivyo, na akatumia miezi yake ya mwisho kuzunguka shuleni na makanisani akiwaonya watu. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huo.

Muziki wake wa Stockholm uliunganisha midundo ya nyumbani na magitaa na vinanda vya elektroniki vya studio za Ulaya. Kwa mwanamuziki mhamiaji sinthesaiza ilikuwa na faida ambayo haihusiani na mitindo. Bendi za dansi za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa na safu ya tarumbeta na saksafoni. Ugenini, kuwakusanya watu wote hao ni ghali na ni vigumu. Kinanda kimoja kiliweza kusimama badala ya tarumbeta tatu.

Badala ya. Hapo ndipo penye uchungu wa historia hii.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki jambo hilo lilionekana wazi zaidi. Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilijengwa juu ya wingi wa watu: fidla kadhaa, udi, kanuni, nai, kodiani, ngoma. Katika miaka ya 1990 ikaja taarab ya kisasa, ikiongozwa na vikundi kama East African Melody. Kinanda kimoja cha elektroniki chenye midundo iliyohifadhiwa ndani yake kilichukua kazi ya fidla, kanuni na ngoma kwa pamoja. Kundi likawa dogo, likasafiri kwa urahisi, likalipwa na kugawana kwa wachache. Watu walicheza na kutuzana hadi usiku wa manane.

Lakini mpiga kanuni alibaki nyumbani. Hakuna aliyemfukuza, hakuitwa tu. Mwaka 2002 kilipofunguliwa chuo cha muziki cha nchi za majahazi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwafundisha vijana ala ambazo wazee wao walikuwa wakizipiga bila kwenda chuo.

Kwa hiyo kinanda cha elektroniki kina nyuso mbili. Uso mmoja ni huu wa taarab ya kisasa, ambapo mashine ilipunguza miili jukwaani. Uso wa pili ni kile kinanda chenye mkanda, kilichojaribu kuurudisha mwili mmoja mbele ya watu. Vyote viwili vilitoka viwandani katika miaka ile ile, mara nyingi kwa makampuni yale yale.

Kuanguka na kurudi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kinanda cha begani kilikuwa kimeshakuwa kichekesho. Vijana wa bendi mpya walirudi kwenye magitaa yaliyochakaa, na wale wa muziki wa densi waliingia kwenye kompyuta.

Mjini Stockholm swali lile lile lilipata jibu jingine. Kampuni ya Clavia, iliyoanzishwa mwaka 1983 na Hans Nordelius na Mikael Carlsson, ilikuwa imeanza na ngoma za elektroniki. Mwaka 1995 ilitoa sinthesaiza ya Nord Lead. Ilikuwa ya mezani, lakini nyepesi, na rangi yake nyekundu ilionekana kutoka mwisho wa ukumbi. Upande wa kushoto haikuwekwa gurudumu la kupinda sauti, bali kijiti kifupi cha mbao ambacho huitikia msukumo mdogo kabisa wa kidole, kiasi kwamba mpigaji anaweza kuitetemesha sauti kama anavyofanya mpiga fidla juu ya uzi. Waswidi hao walichukua somo la mkono wa kushoto bila kuchukua mkanda.

Mkanda nao haukufa. Roland ilitoa AX-7 mwaka 2001 na nyingine iliyofuata mwaka 2009. Wakati huo Lady Gaga alikuwa akivaa kinanda jukwaani, na Matthew Bellamy wa kundi la Muse, ambaye ni mpiga gitaa na mpiga piano, alifanya vivyo hivyo. Korg ilifufua RK-100 mwaka 2014, Roland ikatoa AX-Edge mwaka 2018, na Yamaha ikarejea mwaka 2019. Safari hii sauti ilikuwa ndani ya ala yenyewe, na waya haukuwa wa lazima.

Waliorudi walikuwa na faida moja ambayo wazee wao hawakuwa nayo. Hakuna tena aliyewadai wachague upande. Kizazi kilichosikiliza kila kitu kwa pamoja hakikuona kwa nini gitaa na kinanda viwe maadui.

Swali lililobaki

Njiani kutoka katikati ya Stockholm kuelekea Farsta kuna jengo jeupe la duara linaloonekana kutoka mbali. Lilifunguliwa mwaka 1989 kwa jina la Globen. Mwaka 2000, na tena mwaka 2016, mashindano ya nyimbo ya Eurovision yalifanyika humo. Kwa kanuni za mashindano hayo waimbaji huimba moja kwa moja, lakini muziki wa ala umerekodiwa. Kila kinanda kinachoonekana pale jukwaani ni kimya.

Mwaka 2021 ukumbi huo ulipewa jina la Avicii, kwa kumbukumbu ya Tim Bergling, mtayarishaji wa muziki na DJ mzaliwa wa Stockholm, aliyezaliwa mwaka ule ule ukumbi ulipofunguliwa na kufariki mjini Muscat, Oman, mwezi Aprili mwaka 2018. Avicii alijaza viwanja dunia nzima akiwa amesimama nyuma ya meza. Mara kwa mara watu kama yeye waliulizwa swali moja: hasa unafanya nini pale nyuma?

Ni swali lile lile walilolikimbia Edgar Winter na Jan Hammer walipofunga mkanda kwenye kibao cha vibonyezo. Mtu hupewa heshima ya mwanamuziki pale wengine wanapoiona kazi yake. Mpiga zumari huonekana mashavu yakijaa, mpiga ngoma huonekana jasho likimtoka, mpiga kodiani huonekana kifua cha ala kikipanda na kushuka. Mashine iliuondoa ushahidi huo, na kila kizazi tangu wakati huo kimetafuta njia ya kuurudisha.

Kinanda cha begani kilikuwa mojawapo ya njia hizo, pengine ile iliyochekwa kuliko zote. Lakini wale waliokivaa walikubali kupoteza mkono mmoja, oktava nyingi na starehe ya kiti, ili msikilizaji wa safu ya mwisho aweze kuona kidole kikishuka na sauti ikipanda. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Wanamuziki hao walitaka kwanza chanda hicho kionekane.